Linux nzito kwenye kompyuta kuukuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Windows 10 iachwe na wenyewe, Microsoft, tarehe 14 Oktoba 2025, meza yangu hapa Langoni haikosi laptopu. Nyingi zina miaka kumi na zaidi. Zimekuja Lamu zikiwa mitumba, zikapita mikononi mwa watu watatu wanne, na sasa zimewekwa Linux na mpwa au mtoto wa jirani anayesoma Mombasa. Wiki ya kwanza mwenyewe ana furaha. Wiki ya tatu yuko mlangoni: "Fundi, hini yangu yenda kama kasa juu ya mtanga."

Majibu nimeyarudia mdomoni hadi yamenikinai, basi nimeyaandika. Amri hapa ni za Debian, Ubuntu, Linux Mint, MX Linux na jamaa zao (kila moja huitwa distro, yaani toleo la Linux), maana ndizo ninazokutana nazo; ila zile za `systemctl`, `journalctl` na `systemd-analyze` zinataka mfumo unaotumia systemd, na MX nyingine hazijiwashi nayo.

Kompyuta imekuwa nzito. Nianzie wapi?

Anza kwa kujiuliza ni nzito lini. Ikiwa ni wakati wa kuwaka tu, ugonjwa wake ni mmoja. Ikiwa inaanza vyema kisha inachoka baada ya nusu saa, huo ni mwingine. Na ikiwa inakukera kwenye intaneti pekee, huku barua kwenye LibreOffice unaiandika bila taabu, pengine kompyuta haina kosa lolote. Watu huniambia "nzito tu, fundi, kila kitu," lakini tukikaa barazani dakika tano hutokea kwamba si kila kitu.

Kisha fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `top`, bonyeza Enter, uiache wazi huku ukifanya ile kazi inayokusumbua. Maalim mmoja wa madrasa aliniletea mashine ya mezani anayochapia mitihani. Alikwisha kuambiwa kwamba prosesa imezeeka, atafute kompyuta nyingine. Nilifungua faili la mtihani wake, nikatazama mstari wa tatu wa `top`:

`%Cpu(s): 4.1 us, 2.0 sy, 0.0 ni, 11.3 id, 82.6 wa, 0.0 hi, 0.0 si, 0.0 st`

`us` ni kazi ya programu zako, `sy` ni kazi ya mfumo wenyewe, `id` ni kukaa bure, na `wa` ni kungoja diski. Yaani hiyo prosesa iliyozeeka ilikuwa ikifanya kazi asilimia sita tu ya muda wake. Muda uliobaki ilikuwa kama mahamali waliopanga mikokoteni gatini na mashua bado iko katikati ya mkondo ikitoka Mokowe. Ongeza mahamali kumi. Hakuna gunia litakalofika dukani mapema. Maalim alihitaji diski, na angetupa pesa zake kwenye prosesa.

Kwa hivyo soma hivi. `wa` ikipanda juu ya 20 na kukaa hapo, shuku diski, au RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) iliyojaa hadi inamwagikia diskini. `us` ikiwa juu, kuna programu inayokula prosesa: bonyeza P uione iko juu ya orodha, au bonyeza M upange kwa ulaji wa RAM. Zote zikiwa chini na kompyuta bado inakokota, nenda kwenye maswali ya joto, chaja na intaneti hapo chini. Kutoka, bonyeza q.

Nimeandika `free -h` na inaonyesha RAM iliyobaki ni kidogo mno. Imeisha?

Huenda haijaisha. Linux haipendi RAM ikae bure. Hujaza sehemu tupu kwa mafaili uliyoyasoma karibuni ili ukiyataka tena yasitoke diskini. Usitazame safu ya `free`. Tazama ya mwisho, `available`. Ikiwa hapo kuna megabaiti mia tano au zaidi huku ukifanya kazi, huna shida ya RAM. Ikishuka chini ya mia moja na mstari wa `Swap` umejaa, hapo ndipo pa kushika kichwa.

Nina GB 2 za RAM na siwezi kuongeza. Nifanye nini?

Weka zram. Hii ndiyo dawa ninayoitoa mara nyingi kuliko zote, na haina gharama. Kawaida RAM ikijaa, mfumo huhamishia vitu kwenye eneo la akiba diskini linaloitwa swapu, na diski ya zamani hapo ndipo inapokuua. Zram hukata kipande cha RAM yenyewe, ikavibana vitu humo kama nguo kwenye begi. Prosesa inatoa jasho kidogo kuvibana na kuvibandua, lakini hata prosesa ya zamani hufanya hivyo upesi kuliko diski inayozunguka.

Andika `sudo apt install zram-tools` (`sudo` ni kuomba ruhusa ya msimamizi wa mfumo, `apt install` ni kusakinisha). Kisha fungua mipangilio yake kwa `sudo nano /etc/default/zramswap`, utafute mistari ya `ALGO` na `PERCENT`. Ondoa alama ya # mwanzoni, uandike `ALGO=lz4` na `PERCENT=50`. Lz4 ni njia ya kubana; haibani sana kama nyingine iitwayo zstd, ila ni nyepesi kwa prosesa za zamani. Hifadhi, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Ukiandika `swapon --show` utaona `/dev/zram0` imeingia kwenye orodha.

Neno moja juu ya ule ushauri uliozagaa wa kushusha `vm.swappiness` hadi 10. Ulikuwa na maana kwa swapu ya diskini. Ukiwa na zram, kuishusha ni kujinyima kile ulichokiweka. Iache kwenye 60 yake ya kawaida.

Na kama naweza kuongeza RAM?

Ongeza, lakini jua unachonunua. `sudo dmidecode -t memory` itakuonyesha nafasi ziko ngapi, zipi zina kitu, na aina ni DDR2, DDR3 au nyingine. Aina haziingiliani, hata mkato wa ubao wake ni tofauti. Kuna mtego mdogo kwenye laptopu: ziko zinazotaka DDR3L, ya volti 1.35, na ukizipa DDR3 ya volti 1.5 haziwaki kabisa. Soma kibandiko cha RAM ya zamani kabla ya kumtuma mtu Mombasa. Mzigo ukishavuka Garsen na Witu, ukapanda boti na kufika hapa, kuurudisha ni kazi.

Na kabla ya kununua, toa ile iliyopo uitazame meno yake. Hewa ya chumvi ya hapa kwetu huyatia ukungu yale madini. Yafute taratibu kwa raba ya penseli, pangusa vumbi la raba, rudisha hadi isikike ikibana pande zote mbili. Mashine kadhaa zilizokuja kwangu zikiona GB 2 zimerudi nyumbani zikiona 4, na sikuuza kitu.

Nitajuaje kama diski inakufa?

Sakinisha `smartmontools` (kwa `sudo apt install`, kama hapo juu), kisha `sudo smartctl -a /dev/sda`. Itamwaga maneno mengi. Tafuta mistari mitatu tu, utazame namba ya mwisho kulia:

`Reallocated_Sector_Ct`: sehemu zilizoharibika ambazo diski imezifungia na kuzibadilisha.
`Current_Pending_Sector`: sehemu inazozitilia shaka, bado haijaamua.
`UDMA_CRC_Error_Count`: makosa ya njiani, ambayo mara nyingi ni kebo mbovu au iliyolegea, si diski.

Zote zikiwa 0, shukuru. Ya kwanza ikiwa na namba ndogo isiyosogea kwa miezi, unaweza kuishi nayo ukiwa macho. Ya pili ikiwa na chochote, na hasa ikipanda kila ukitazama, acha kila kitu unakili mafaili yako leo. Usianze kuweka mfumo upya, usianze kusafisha, usifanye lolote linaloilazimisha diski kufanya kazi ya ziada.

Maneno yaliyo juu ya mistari hiyo, `SMART overall-health self-assessment test result: PASSED`, usiyategemee. Nimeona diski zenye PASSED zikigonga tik, tik, tik kama mtu anayebisha mlango wa nyumba isiyo na watu. `sudo dmesg | grep -i "i/o error"` ni shahidi mkweli zaidi: ikitoa mistari, diski imeshindwa kusoma.

Ikiwa mafaili hayanakiliki kwa njia ya kawaida, iko programu ya `ddrescue` (pakiti yake inaitwa `gddrescue`). Huchukua kwanza kilicho rahisi, ikarudia kile kigumu baadaye, na huandika ilipofika ili stima ikikatika uendelee ulipoachia. Hilo la mwisho kwa hapa si jambo dogo.

Je, SSD kweli inaleta tofauti, au ni maneno ya wauzaji?

Ukinipa pesa ya kitu kimoja tu cha kubadilisha kwenye kompyuta ya zamani, nitabadilisha hiki.

Sababu yake inaeleweka. Ndani ya diski ya zamani ya laptopu kuna sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika na mkono unaokimbia huku na huku juu yake. Kila faili dogo ni safari: mkono ufike mahali pake, kisha ungoje sahani izunguke hadi kinachotafutwa kipite chini yake. Diski kama hiyo inaweza safari chini ya mia moja kwa sekunde, na kufungua kivinjari kunahitaji maelfu ya vipande. SSD ni diski ya chipu tupu, haina mkono wala sahani; inafanya maelfu ya safari katika sekunde hiyo hiyo. Ndiyo maana hata laptopu ya Core 2 Duo, ambazo zilianza kutoka mwaka 2006, ikiwekewa SSD huonekana kama imezaliwa upya ingawa prosesa ni ile ile.

GB 120 zinatosha kwa Linux na kazi za kawaida. Za 240 ni starehe. Pima unene: laptopu nyingi za zamani zilikuwa na diski ya milimita 9.5 na SSD ni 7, kwa hivyo inacheza ndani. Kipande cha kadibodi kilichokunjwa kinatosha.

Jihadhari na bandia. Flashi na SSD zinazojidai terabaiti moja kwa bei ya sahani mbili za pilau zipo sokoni. Sakinisha `f3`, utumie `f3write` na `f3read` kuijaza na kuisoma tena, ujue uwezo wake wa kweli kabla hujaiaminia picha za harusi.

Ukishaiweka, hakikisha `sudo systemctl enable --now fstrim.timer`. Kwenye distro nyingi tayari imewashwa. Ile diski ya zamani, ikiwa bado nzima, itie kwenye kasha la USB uiweke akiba.

Diski haifi, lakini imejaa. Hilo nalo huleta uzito?

Ndiyo, tena ghafla. `df -h` ikionyesha asilimia 95 na zaidi kwenye mstari wa `/`, mfumo unakosa pa kuweka hata mafaili yake ya muda. Ukifika mia unaweza kushindwa hata kuingia: unaandika neno la siri, skrini inakuwa nyeusi, inakurudisha pale pale.

`sudo apt clean` na `sudo apt autoremove` huondoa pakiti zilizopakuliwa na kerneli (kiini cha mfumo) za zamani. `sudo journalctl --vacuum-size=100M` hupunguza kumbukumbu za mfumo. Baada ya hapo sakinisha `ncdu`, uiendeshe kwenye folda yako, nayo itakuonyesha nani mnene. Mara nyingi ni folda ya Downloads na video za WhatsApp alizohamishia mtoto.

Kuwaka kunachukua dakika tatu hadi tano. Kwa nini?

`systemd-analyze blame` hutoa orodha ya huduma na muda wa kila moja, nzito zikiwa juu. `NetworkManager-wait-online.service` ikiwa kileleni, unaweza kuizima kwa `sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service` bila kupoteza intaneti. Itaunganika tu ukiwa umeshaingia.

Ukiona kwenye skrini "A start job is running" na sekunde zinahesabiwa hadi dakika moja na nusu, mfumo unangoja diski ambayo haipo. Hutokea sana kwa waliojaribu distro mbili tatu: kila usakinishaji hulipa eneo la swapu kitambulisho kipya, na distro ya kwanza inaendelea kukitafuta kile cha zamani kama mtu anayeuliza nyumba ya jirani aliyehama. Linganisha `sudo blkid` na yaliyomo kwenye `/etc/fstab`. Mstari wenye UUID (kitambulisho hicho) isiyopatikana kwenye `blkid` utie # mbele yake. Dakika moja na nusu imerudi.

Inaanza vizuri, baada ya nusu saa inachoka. Feni inanguruma.

Ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Sakinisha `lm-sensors`, andika `watch sensors`, uendelee na kazi. Ikikaa 60 au 70 ni salama. Ikigonga 90 na zaidi kwa kazi ndogo, haipumui.

Fungua nyuma. Nilichokuta kwenye laptopu ya bibi mmoja wa Mkomani nitakieleza, kwa sababu nusu ya laptopu za mji huu ziko hivyo. Kati ya feni na zile mbavu za shaba kulikuwa na zulia. Silitii chumvi: kipande kizima kilichoshikana, unene wa kidole, cha rangi ya kijivu na chungwa. Kijivu ni vumbi. Chungwa ni manyoya ya paka. Bibi akanieleza kwamba paka wake hulala juu ya kibodi jioni, pana vuguvugu. Nililitoa lote kwa kibano likiwa zima, na joto likashuka kutoka 97 hadi 64.

Ukisafisha mwenyewe, zuia feni kwa kidole isizunguke ukiipuliza, maana ikizungushwa kwa upepo wa nguvu inaweza kuharibika. Tumia burashi laini ya rangi. Ukiitoa kabisa ile bomba ya shaba juu ya prosesa, lazima ufute pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto) kwa spiriti na kupaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Wengine hupaka kama siagi ya mkate. Haisaidii.

Na usiitumie juu ya godoro. Msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, hata meza peke yake haitoshi. Iinue nyuma kwa vitabu viwili ipate hewa.

Joto liko sawa, diski mpya, RAM ipo, na bado inakokota kila wakati. Hata fundi mwingine ameshindwa.

Chaja ni yake? Liulize swali hilo kabla ya mengine. Ziko laptopu zinazozungumza na chaja yake kupitia kipini kidogo cha katikati, na zikikutana na chaja zisiyoitambua zinajishusha kasi hadi ya chini kabisa, na betri haziijazi. Hazikwambii zikishawaka, pengine zilinong'ona neno moja kwenye skrini nyeusi wakati wa kuwashwa.

Andika `watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"` kisha ufungue programu nzito. Namba zikikwama 800 au karibu na hapo bila kupanda hata kidogo, chomoa chaja utumie betri. Zikipanda, umempata mwizi. Mimi mwenyewe niliwahi kumaliza jioni mbili nikiweka upya mfumo wa laptopu ya kijana wa Shela, kumbe alinunua chaja ya mtaani siku tatu kabla ya ugonjwa kuanza. Sikumtoza.

Kivinjari ndicho kinachonitesa. Vichupo vinne tu na kila kitu kinaganda.

Kurasa za siku hizi ni nzito kuliko programu nyingi. Kwenye Firefox andika `about:processes` mahali pa anwani uone kila kichupo kinakula nini, na `about:unloads` ukitaka kuvilaza usivyovitumia bila kuvifunga. Weka uBlock Origin. Matangazo ni nusu ya mzigo kwenye kurasa za habari. Usiwe na vivinjari viwili wazi kwa pamoja.

Ikiwa uko Ubuntu 22.04 au mpya zaidi, Firefox yako imekuja kama snap, pakiti inayobeba mahitaji yake yote ndani, na kwenye diski ya zamani ufunguaji wa kwanza baada ya kuwasha unaweza kukuacha ukanywe kahawa. Linux Mint na Debian hutoa Firefox ya pakiti ya kawaida, deb.

Kuhusu YouTube: mitandao ya video hutuma picha kwa mifumo mipya, VP9 na AV1, ambayo kadi za picha za zamani haziijui, basi prosesa inabeba yote peke yake. Kadi nyingi tangu 2011 hivi zinaujua mfumo wa zamani zaidi, H.264. Kiongezo kiitwacho enhanced-h264ify hulazimisha H.264 itumwe. Ongeza hapo ubora wa 480p, na mawaidha yatakwenda bila kukatika.

Nitajuaje kama ni kompyuta au ni intaneti?

`ping -c 20 1.1.1.1`. Muda ukirukaruka kutoka milisekunde 40 hadi 2000, au majibu mengine yakipotea, usiilaumu kompyuta. Nyumba zetu za mawe na chokaa zina kuta nene kupita futi moja. Wi-Fi iliyowekwa sebuleni haifiki chumba cha ndani hata uipigie magoti. Sogea karibu na kisanduku, upime tena.

Nibadilishe distro? Ipi nyepesi zaidi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa la kwanza, na nimeliweka hapa chini makusudi. Distro ni mchele mmoja mapishi mbalimbali: kerneli ni ile ile, na diski inayokufa itakufa pia chini ya distro nyepesi. Kijana mmoja alishaweka sita ndani ya mwezi kabla hajaja kwangu, na `Current_Pending_Sector` yake ilikuwa 312.

Kinacholeta tofauti ni mazingira ya skrini. GNOME ni nzuri lakini hula takriban gigabaiti nzima au zaidi kabla hujafungua kitu. Xfce na LXQt hutosheka na karibu nusu ya hiyo. Huna haja ya kuweka mfumo upya: `sudo apt install xfce4`, toka, na pale pa kuandika neno la siri chagua Xfce kwenye alama ya gia. Ukiwa ndani ya Xfce, tafuta kwenye mipangilio ya madirisha sehemu ya kompozita uizime. Vivuli na uwazi vinaondoka, na kadi ya picha inapumua.

Tazama pia `glxinfo | grep renderer` (iko kwenye `mesa-utils`). Jibu likiwa na neno `llvmpipe`, kadi yako ya picha haitumiki kabisa na prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Hapo tafuta draiva kwanza.

GB 4 na zaidi: Mint ya Xfce. GB 2: MX Linux au Lubuntu, pamoja na zram. GB 1: antiX, na matarajio madogo.

Yangu ni ya biti 32.

Hakikisha kwanza kwa `lscpu`; mstari wa `CPU op-mode(s)` ukitaja 64-bit, prosesa ni ya 64 na mtu alikuwekea mfumo usio wake. Ikiwa kweli ni 32 pekee, njia imekuwa nyembamba. Google iliacha kutoa Chrome ya aina hiyo kwa Linux mwaka 2016, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake. antiX 23 inayo. Itafaa kuandikia na kusikilizia Kurani; intaneti usiitarajie.

Inaganda kabisa, hata kipanya hakisogei. Nizime kwa kitufe?

Ngoja dakika mbili kwanza. Jaribu Ctrl+Alt+F3, ukipata skrini nyeusi ya kuingilia, ingia, andika `top`, umtazame mkosaji, kisha `kill` na namba yake. Kurudi, Ctrl+Alt+F1, F2 au F7 kutegemea distro. Isirudie tena, weka `earlyoom`: hiyo huua programu iliyonenepa mno kabla RAM haijaisha. Mara nyingi ni kichupo cha kivinjari, na si hasara.

Kurasa hazifunguki, zinasema si salama, lakini simu inazifungua.

Tazama tarehe. Ikionyesha miaka ya nyuma, betri ndogo ya saa, CR2032, imekufa, na kila stima ikikatika mashine inasahau mwaka. Badilisha betri.

Ni virusi?

Sijapata kuona hata mara moja. Tazama `wa`.

Nikiileta kwako, nije na nini?

Chaja yake, hiyo hiyo unayoitumia nyumbani, hata kama imefungwa kwa solotepu. Neno la siri limeandikwa kwenye karatasi. Uniambie ugonjwa ulianza siku gani na nini kilibadilika wiki hiyo. Ukija na boti ya kutoka Faza au Kizingitini, itie kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi, na begi liwe mapajani, mbali na maji ya chini ya boti. Ijumaa nafunga saa sita, nafungua saa tisa.